Shauri la Mzee Hollis

"Sasa mrushaji wetu atarusha kwa kitu gani, kwa meno?" Doyle Pruitt alimuuliza mdogo wake, huku mvua ikimtiririka shingoni. "Kidole gumba kimevunjika, Garland. Kimevunjika! Na mpira wenyewe unateleza kama sabuni. Leo ni kukimbia tu. Unaukumbatia mpira, unainamisha kichwa, unapenya."

"Unapenya wapi, kaka? Umeiona ile mijitu ya Dunmore pale mbele? Mpira ni kurusha. Kukimbia walikimbia babu zetu, na wote wamekufa."

Ndivyo walivyokuwa wakizungumza tangu asubuhi, watu wazima hao, mmoja meneja wa benki na mwingine shemasi wa Kibaptisti, nyuma ya pikapu yao kwenye maegesho ya uwanja wa Chuo cha Calloway, wakisubiri mechi ya mpira wa Kimarekani, mbavu za nguruwe zikiungua kwenye jiko la mkaa bila mwangalizi. Kila mwaka, siku ya kucheza na mahasimu wao, Chuo cha Dunmore, ugomvi ni huohuo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuucheza mchezo wenyewe. Doyle aliwahi kuteguka goti, ni kweli, ila alikuwa anashuka ngazi za benki.

Mwaka huu lakini ugomvi ulikuwa na uchungu wake. Katikati yao, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa baba yao, Mzee Hollis, blanketi la kijani magotini. Daktari alishasema moyo wake hautaufikia msimu ujao. Na Calloway ilikuwa haijawafunga Dunmore kwa miaka tisa. Kila mwaka mechi ikiisha mzee hulia, na wanawe humshika mabega wakalia naye. Sasa walikuwa wanataka kitu kimoja tu duniani: baba yao awaone Dunmore wakipigwa, halafu aende zake kwa amani.

"Hawezi kufa na donda hili moyoni," Garland alisema.

"Ndiyo maana nakwambia tukimbie, mjinga wewe."

Mzee mwenyewe hakusoma Calloway. Mapenzi hayo aliyaingia kwa mlango wa ndoa. Baba mkwe alimwambia wazi kwamba binti yake haolewi na mtu asiyevaa kijani cha Calloway, naye akavaa. Baadaye akarithi duka la matrekta, akatajirika, akawajengea wachezaji jumba zima la mazoezi. Basi, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Tangu hapo kocha yeyote wa Calloway, kabla ya kukutana na Dunmore, huja kwenye pikapu ya akina Pruitt kuchukua shauri la mzee. Wanasema ni mila. Na kodi nayo ni mila.

Haya, kocha Treadway akaja na mwavuli wake, uso wa mtu anayejua nani anamlisha.

"Mzee Hollis, heshima yako, bwana. Unatuambiaje leo? Tukimbie au turushe?"

Ndugu wawili wakainama kumsikiliza. Mzee akayatazama mawingu.

"Kidole cha yule kijana kikoje?"

"Kibaya, mzee. Hata kijiko anakishika kwa shida."

"Na yule mkimbiaji wenu?"

"Huyo yuko moto! Sijawahi kumwona mzima hivi tangu aje."

Mzee akafikiri kwa kituo, kama jaji.

"Rusheni," akasema. "Kila mpira."

Kocha akausogeza mwavuli karibu. "Lakini mwaka jana, mzee, ulisema tukimbie, na mkimbiaji alikuwa anatembelea magongo..."

"Na mkakimbia vizuri tu. Mlipungukiwa na roho."

"Sawa, bwana," kocha akasema, akaenda zake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jamani, Calloway walikuwa wanalisikia la mkuu mwaka hadi mwaka, na ndio waliojaa bandeji.

Garland alivimba kichwa, ungedhani shauri ni lake. "Umeona? Hiyo ndiyo hekima!" Doyle akayafuta matone usoni pa baba yake. "Baba akisema turushe, turushe," akasema kwa unyonge. "Ameona mengi kuliko sisi."

Calloway wakarusha kweli. Wakarusha matopeni, wakawarushia mashabiki, wakawarushia Dunmore wenyewe mikononi, kwa adabu kabisa, kama watu wanaopeana chumvi mezani. Mkimbiaji aliyekuwa moto alisimama pembeni na jezi safi kuliko ya mpiga tarumbeta wa bendi. Wenye akili waliondoka wakati wa mapumziko. Akina Pruitt walibaki mpaka mwisho, wakaona kwa macho yao: Dunmore arobaini na tano, Calloway tatu.

Doyle alipiga magoti kwenye maji mbele ya kile kiti. "Tusamehe, Baba. Tulitaka uone hata mara moja." Garland akajifunika uso kwa kofia. Mzee alikuwa analia kama kila mwaka, mabega yakimtetemeka, akawa anampapasa mwanawe kichwani.

Upande wa pili wa uwanja watu wa Dunmore walisimama, na bendi yao ikaanza ule wimbo wa chuo chao, mrefu, wa zamani. Doyle akaona midomo ya baba yake inacheza. Akadhani ni sala ya mwisho, akasogeza sikio.

Mzee alikuwa anaimba nao kwa kichwa, na tayari amefika ubeti wa tatu, ule ambao Dunmore wenyewe, kule ng'ambo, walikuwa wanausoma kwenye simu.