Jino la Msemaji

Asubuhi ya posa, mwaka wa sabini na sita, jino la Obiero lilianza kumuuma, na jamaa zake wote wakaingiwa na hofu. Bila ulimi wa Obiero, nani angebishana na Wabukusu, watu wa msichana, juu ya ng'ombe wa mahari?

Oketch, seremala wa Kibera aliyetaka kuoa, ndiye pekee aliyekuwa mtulivu. Ulimi huo wa baba yake mdogo ulikuwa umeshavunja posa zake mbili. Katika ile ya mwisho, Obiero alimuuliza mama wa msichana kama nyumba yao ilikuwa ya watu au ya kuku.

Oketch akaenda Kawangware, kwenye duka la dawa alikofanya kazi mchumba wake, Nafuna. Nafuna akamtolea tyubu ndogo ya dawa ya kupaka.

"Haiponyi jino," alimwambia. "Inazuia tu mishipa isipeleke habari za maumivu kichwani. Mpake kwenye ufizi, kidogo."

"Na ikigusa ulimi?"

"Ulimi unalala. Nusu saa hivi."

Oketch akakuna kidevu.

"Basi mpake mkishafika mlangoni," Nafuna akasema.

Mlangoni kwa Wekulo, kule Gatwekera, Obiero alipanua kinywa. Oketch akapaka ufizi, ulimi, na midomo yote miwili. Maumivu yakakoma. Obiero akaingia akitabasamu upande mmoja.

Wekulo, baba mkubwa wa Nafuna, alijulikana kwa kuwafokea wakwe mpaka wakasahau kofia zao. Watu wakakaa tayari kwa vita.

"Fifi fumefuja," Obiero alianza, mate yakimtiririka.

Wekulo akamtazama sana. Hakucheka. Aliinamisha kichwa, kiganja kikiwa mdomoni.

"Ng'ombe sita?" shangazi mmoja alijaribu.

Wazee wote wawili wakaguna. Ikahesabiwa wamekubaliana. Kuku akaletwa, maombi yakafanywa, na mchungaji akawasifu kwa busara ya kutopayuka kama vijana wa siku hizi.

Baadaye Oketch alimfuata Nafuna nyuma ya nyumba, alikokuwa akisuuza vikombe.

"Wangu najua kilichomnyamazisha," alisema. "Lakini mzee wako ana heshima kweli. Hata jino halimuumi, na bado amenyamaza."

"Nilimwambia ni dawa ya kunoa ulimi," Nafuna akasema. "Akamaliza tyubu nzima."