Dumu Jeupe la Wageni

Kokubanza alitema mate mlangoni, akatema tena, akajifuta ulimi kwa kanga.

Alikuwa ameonja rubisi ya wageni. Kwenye kibuyu cha mama mkwe wake nzi watatu walielea, wamevimba, na shingoni mwa kibuyu kulikuwa na utando wa kijani unaoteleza kama kamasi. Na hiyo pombe yenyewe, ndizi zake Kyaruzi mume wake alizikanyaga juzi kwa ile miguu yake yenye nyufa.

"Leo wanakuja wakwe kutoka Bukoba," alisema. "Mtu ni mhandisi, mnampa makamasi?"

"Waitu, na wewe uliolewa kwa kibuyu hichohicho," mama mkwe akacheka.

Kokubanza hakucheka. Jovita ni binti yake wa pekee. Wakiona nzi, si watasema hata bibi harusi mchafu? Akamwaga rubisi ile, akakitupa kibuyu uani. Pombe nyingine ilikuwa bado kwenye mtungi. Akakimbilia kwa jirani, Burhani, mwenye bomba la kupulizia dawa kwenye kahawa. Madumu yalikuwa yamepangwa ukutani, meupe, mazuri.

"Naomba hilo lenye mfuniko mzima."

"La maji ya kunawa?"

"Wewe nipe tu, baba. Wageni wako njiani."

Akalisuuza. Maji yalitoka meupe kama maziwa, akasuuza tena mpaka yakang'aa. Ikabaki harufu kidogo, kama ya hospitali. Akaipenda. Akajaza rubisi, akaliweka sebuleni juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa kwa ajili ya wageni.

Bwana harusi, Evarist, alilisifia dumu kabla hajakaa vizuri.

"Mama, umetuheshimu. Huu mfuniko unakaza kama nati kwenye bolti. Kitu kidogo hiki, lakini bila hicho hakuna gari, hakuna daraja."

"Basi leo tunakunywa daraja!" Kyaruzi akadakia. Wakacheka.

Kupitia mlangoni Kokubanza alikiona kibuyu kule uani. Nzi walikuwa wamekifunika chote, wanapandana, wanatambaa mdomoni mwake. Kinyaa kikampanda tena. Akageuka kulitazama dumu. Kwenye mfuniko hapakuwa na hata nzi mmoja.

"Umeona, mae?" akamnong'oneza mama mkwe. "Pasafi hawasogei."

Kwa desturi, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni asije akadhani amewekewa kitu. Siku hiyo, kwa kuwa ni yeye anayeolewa, ilikuwa zamu ya Jovita. Alipiga magoti mbele ya wakwe, akamimina kutoka kwenye dumu, akanywa kikombe chote bila kupumzika. Vigelegele vikapigwa.

"Mama Jovita, wamiminie wageni sasa!" Kyaruzi aliita.

Kokubanza akainama, akaliinua dumu.

Nzi walikuwepo. Walikuwa wamejaa kwenye nyasi nyuma ya dumu, wote miguu juu.