Mataya ya Jemadari

Mchwa askari wa kichuguu kimoja walichoka kulinda lango, wakaingia ndani wakamfungia malkia chumbani. Vibarua wakashangilia, maana malkia alikuwa mlafi kupindukia. Shangwe haijaisha, Jemadari Magego, mwenye mataya makubwa kushinda kichwa chake, akatangaza: "Marufuku kutoka! Nitakayemwona njiani nitamkata vipande viwili."

Vibarua wakajifungia. Siku ya kwanza askari walipiga doria wakiimba. Siku ya pili wakaacha kuimba. Siku ya tatu jemadari alifika akiyumba kwa Bi Chembe, kibarua mzee, akagonga.

"Mbona hamtulishi?"

"Magogo yako nje, mkuu, na kutoka umekataza."

"Basi nitakula mwenyewe!"

Akaenda akaling'ata gogo. Mataya yalijua kukata shingo tu, kutafuna hayakujua. Tangu azaliwe alikuwa akilishwa mdomoni na vibarua, naye alishasahau.

Akarudi kichwa chini. "Bibi, toka unitafunie."

Bi Chembe akafungua mlango kidogo tu.

"Ukiwa kule langoni nilikulisha kama mwanangu," akasema. "Hapa mlangoni pangu sikujui."