Namna ya Kuhamisha Jeshi

Muzee Sebahire aliuliza kila kitu, isipokuwa mchezo wenyewe unachezwaje.

Alikuwa ameingia kwenye kibanda cha Anastase, pale mtaa wa Katoyi, akiwa na vijana wawili wapana wenye miwani myeusi. Hao walibaki mlangoni. Anastase alikuwa wakala wa Ngome, mchezo mpya wa vita ambao watu wengi huucheza pamoja kwenye simu. Kazi yake ilikuwa kuwatoa vijana wa Goma kwenye Dhoruba, mchezo wa zamani uliowateka tangu wakiwa shule. Kwa muda mrefu aligawa fulana na megabaiti za bure, watu wakavaa fulana na kuendelea na Dhoruba. Kisha, ghafla, nusu ya mtaa ikahama.

"Uliwafanya nini?" muzee aliuliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza Anastase swali hilo kwa heshima, hata mkewe Dative. Alijinyoosha kitini.

"Papa, mutu hakatai kitu kipya kwa sababu ni kibaya. Anakataa kwa sababu wenzake wako kule, na kule ako na grade, cheo chake. Usimufuate mumoja mumoja. Fuata chef wao. Mimi nilimupata Valérie wa Munigi. Kule alikuwa capitaine. Nikamuambia, kuya kwetu utakuwa général. Akakuya na watu wake wote."

"Na wale waliomufuata?"

"Wote nikawafanya colonel."

Muzee alifumba macho kama mtu aliyeonja asali. "Wakubwa wa kule hawakukasirika?"

"Walikasirika sana. Lakini nani atakubali kubaki sergent, na jirani yake ni colonel?"

Kijana mmoja mlangoni alicheka. Muzee alimtazama, naye akarekebisha miwani yake.

"Mimi pia niko na jeshi," muzee alisema polepole. "Bado ni dogo. Siku ile moto ulishuka toka mulima Nyiragongo, nilikuwa ninakimbia kama wote. Ndiyo siku Mukubwa aliniita. Akaniambia huu muji ni wangu. Shida ni wale wa zamani. Wako na watu, wako na vyombo vizito. Wakianza kupiga, mutaa wote unatetemeka."

Anastase alisogeza kiti nyuma. "Huyo Mukubwa… anakaa wapi?"

"Juu," muzee alijibu, na kidole chake kikaelekea dirishani, upande wa milima. Aliinuka, akamwekea Anastase mkono begani. "Kesho dimanche tunaingia. Mafundisho yako hatutayasahau."

Walipoondoka, Anastase alikimbia hadi nyumbani.

"Umefundisha waasi namna ya kupata askari?" Dative alipiga kelele.

"Nilizani ni mutu wa kampuni!"

Dative alianza kufungasha. Alikuwa amekimbia lava, amekimbia waasi, kisha waasi wa kuwapinga waasi. Mikono yake ilijua yenyewe cha kubeba. Godoro lilipoonekana juu ya pikipiki, jirani yao mama Philomène hakuuliza kitu. Alizima jiko, akafunga godoro lake. Kabla ya jioni barabara nzima ilikuwa ikisogea kuelekea Ndosho, na habari zilikuwa zimetangulia mbele ya watu: Sebahire ana maelfu, na hakuna hata mmoja aliye chini ya colonel.

Walijibanza kwenye uwanja wa shule. Asubuhi ya Jumapili, mngurumo mkubwa ulitoka upande wa Katoyi. Akina mama waliwalalia watoto wao. Anastase alimwona mtoto wake mdogo ameziba masikio, akashindwa kuvumilia. Ni yeye aliyeyaleta haya.

"Ninarudi," alimwambia Dative. "Nitamuomba awaache watu."

"Watakuua!"

"Basi waniue mimi."

Alichana shati lake jeupe, akalifunga kwenye kijiti, akatembea peke yake hadi Katoyi, mikono juu. Mngurumo ulizidi. Alipokata kona alipiga magoti na kufumba macho.

Mikono mipana ilimwinua. Ilikuwa ya wale vijana wawili. Walimpeleka mbele hadi kwa muzee Sebahire, aliyekuwa amevaa joho jeupe, na nyuma yake, mbele ya vipaza sauti virefu kama nyumba, ilisimama kwaya nzima ya kanisa la jirani, kila mwimbaji na kofia yake mpya ya askofu.

"Haleluya!" muzee alinguruma. "Ndugu katika Bwana, musimame, mumupokee archevêque, askofu mukuu wetu, Anastase!"