Chumba cha Mgeni

Mzee Mbwarali alikuwa ameigawa diski ya kompyuta yake kwenye daftari, kwa penseli na rula, kama mtu anayechora nyumba kabla ya kujenga. Linux, mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, aliupa ukumbi mkubwa. Hadithi alizorekodi marehemu mkewe kwa sauti yake alizibana kwenye chumba cha uani.

Fundi Saumu, aliyeitwa kuuweka mfumo huo, alicheka. "Baba, mgeni umempa nyumba, mama umemlaza jikoni?"

"Mgeni huheshimiwa, mwanangu."

"Huyu hali nafasi nyingi. Gigabaiti hamsini zinamtosha. Mwenye mizigo ni mama."

Mzee alifuta mstari, akauchora upya, akaufuta tena. Aliinuka, akaketi. "Na mgeni akiingia, hatamtoa mama?"

"Mkono ukiteleza, atamtoa. Nakala ya hadithi umeweka wapi?"

"Kitabu cha Linux nimekisoma chote," alisema mzee.

"Nakala, baba."

"Sina."

Saumu hakucheka tena. Alichomeka diski yake ya akiba, akaanza kunakili. Mzee hakukaa. Alizunguka meza saa nzima, akiuliza imefika wapi, na ilipokwisha hakuamini.

"Fungua moja nisikie."

Saumu alifungua ya kwanza kwenye diski ya akiba. Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke mwenye haraka: "Mbwarali, hebu funga mlango huo, nataka kusimulia."

Mzee alikwenda mbio akaufunga, kisha akabaki pale, mkono kwenye komeo.