Mulamula Ukutani

Tangu asubuhi Protase alikuwa ameegemea ukuta wa ghala la kahawa, na hakuna aliyeweza kumbandua. Shati lake la Jumapili lilikuwa limeingia mkaa mgongoni kote. Wenzake walidhani amechoka. Wapi! Alikuwa amepafunika kwa mgongo mahali pa kibanja chake, shamba lake la nyumbani, pasichorwe kitu.

Balaa hilo alilileta Joviana, binti wa kijiji cha Bugomora aliyekwenda kujifunza kuchora picha za vitabu vya shule. Mwaka huo wa 1992 alirudi nyumbani na wazo moja: watu wote wakusanyike, waichore ukutani Bugomora ya kabla ya vita. Maana vita vya mwaka wa sabini na nane viliwatawanya watu, migomba ikaachwa ikaungua na moto wa kiangazi, na waliorudi wakapanda upya kwa kukisia tu. Watoto wa sasa hawakujua hata chemchemi ilikuwa upande gani.

Joviana aliweka sheria mbili. Kila mtu achore alichokipanda au kukijenga kwa mkono wake mwenyewe. Na mwenye kibanja akikikataa kitu, kifutwe, ugomvi wa mashamba usije ukahamia ukutani.

Watu walifurahi mno. Akina mama walileta majivu, masizi na udongo mwekundu, wakavichanganya na kinyesi cha ng'ombe kama wanavyopamba nyumba zao. Jirani mmoja, Yustus, alichora choo chake cha zamani kikubwa kuliko kanisa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Protase hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye njia itokayo kijiji cha Ihembe.

Vita vilipoanza yeye alikuwa Bukoba, kibarua wa miaka mingi. Aliyekijua kibanja kona kwa kona ni mama yake, Kokwijuka, na Kokwijuka alikufa katika vurugu zile. Hata aliyemzika hakujulikana. Protase aliporudi alikuta majivu. Majirani, Sibomana na mkewe Nyirabahire, walikuwa wamehamia Ihembe. Kilichosalia kimesimama ni mti mmoja wa mulamula, tena katikati kabisa ya pale alipodhani ni pake.

Kwa watu wa huku mulamula haupandwi kwa urembo. Hupandwa mahali ambapo hapatakiwi kusahauliwa. Protase aliutazama, akaitazama ardhi nzuri nyeusi iliyokuwa ng'ambo yake, akajua kwamba kumbe pale ndipo mpaka wa Sibomana ulipoanzia. Alijua, na bado aliung'oa. Akauchoma moto, akapanda kahawa mpaka bondeni.

Kahawa ilistawi, lakini aibu nayo ilistawi. Alichaguliwa mwenyekiti wa kigango, na kila alipoongoza watu kusoma amri za Mungu, ile ya saba, Usiibe, aliipita mbio kama anayekanyaga siafu. Kila Novemba, wenzake walipopalilia makaburi ya wazee wao migombani, yeye hakuwa na kaburi la kupalilia; alijifungia ndani akisema ana homa. Moyoni alijiambia kuwa mwizi kama yeye hakustahili hata hilo.

Mchana Nyirabahire akafika, mzee sana sasa, mjane, amejitanda kanga na fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama," Protase alisema, mgongo bado ukutani.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si Protase wa Kokwijuka? Umefanana naye mpaka pua." Akamtazama kwa upole uliomchoma kuliko matusi. "Nimepitia kwako. Nimetafuta, nimetafuta, nimeona kahawa tu."

Protase alizidi kujibana ukutani.

"Mimi nina kitu kimoja cha kuchora," bibi alimwambia Joviana. "Nilikipanda kwa mkono wangu. Lakini huyu anitokee hapo."

Watu wakaangua kicheko. Yustus akamvuta Protase mkono, naye akatoka, angefanyaje?

Nyirabahire alishika mkaa. Mti ukatoka: shina jembamba, majani marefu yamejikusanya juu kama nywele zisizochanwa. Mulamula, katikati ya kibanja cha Protase.

"Ee bibi," Yustus alitania, "tangu lini mwanamke akapanda mpaka peke yake? Wazee walikuwa wapi?"

"Wazee walikuwa wamekimbia," Nyirabahire alijibu. "Nilibaki peke yangu."

Kicheko kikakatika. Protase aliona vichwa vikigeuka, kwanza ukutani, kisha kwake. Aibu ilimpanda usoni ikawaka. Alitamani kusema kweli, aseme tu, yaishe. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Mama, umesahau. Hapo hapajawahi kuwa na mulamula."

"Hapajawahi?"

"Hata siku moja. Mwenye kibanja ni mimi, na mimi nakataa."

Joviana alisitasita. Lakini sheria aliiweka mwenyewe, hivyo akanyoosha mkono kumpa kitambaa. Protase hakukingoja. Alifuta kwa kiganja, shina kwanza, kisha majani, akasugua kwa nguvu mpaka pakabaki doa tu.

Nyirabahire hakugombana naye. Aliutazama ukuta, akawatazama watu mmoja mmoja, kama mtu aliyeanza kuitilia shaka akili yake. Mwishowe akamgeukia Protase, akamshika mkono.

"Basi nisaidie, mwanangu," alisema. "Kama si hapo, mama yako nilimzika wapi?"