Shauri la Chupa ya Tausi

Shauri Namba Tatu mbele ya Kamati Ndogo ya Harufu, Minuko na Mambo Yanayofanana Nayo: Ngawa dhidi ya Tausi.

Ngawa aliuza zabadi, manukato ya mwili wake mwenyewe, na alimweleza kila mteja kwa uaminifu: "Inanukia kama asumini iliyolowa." Swala akatimka, maana chui aliwahi kumvizia kwenye asumini. Nyati akauliza kama inaliwa.

Tausi hakutaja harufu kabisa. Alikunjua mkia, akainua chupa na kusema, "Ukijipaka hii, utapishwa njiani." Wakajazana kwake, hata mke wa Ngawa.

Roho ikamuuma Ngawa, akashtaki. "Mheshimiwa, huyu anauza mkia!"

Kobe, mwenyekiti, akamsogezea chupa. "Haya, nusa utuambie kasoro yake."

Ngawa akanusa, akafumba macho, machozi yakamlengalenga. "Haina kasoro," akasema kwa uchungu. "Yangu haifikii hata nusu."

"Shemeji," Tausi akashangaa, "si nilinunua kwako Ijumaa? Mtungi mzima!"

Kobe akaandika hukumu ya kurasa tisa. Kilichotokea ni kwamba Ngawa aliionea wivu zabadi yake mwenyewe.